Ndoo ya Mama Upawa

Mtoto wa Cheche alikuwa akirudi nyumbani na njaa kutoka shule iliyokuwa ikimlisha. Kila mwanzo wa muhula, wazazi wa shule ile walipeleka mchele na maharage kwenye ghala la shule, na Cheche alipeleka fungu lake mapema, gunia limejaa hadi shingoni. Hata hivyo, kila alasiri binti yake wa darasa la pili aliingia jikoni kabla ya kuvua viatu, akafunua masufuria moja baada ya jingine kama mkaguzi. Sketi iliyomtosha mwezi wa kwanza sasa ilishikwa kiunoni kwa pini.

Cheche alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Jina hilo alilipata kwa sababu ya kazi yake, likamganda kwa sababu ya hasira zake. Mageti mengi ya mtaa ule aliyatengeneza yeye, likiwemo geti la shule. Hakuwa mtu wa maneno mengi, na aliamini kwamba kila kitu kilichopotea kina mtu aliyekichukua.

"Leo mmekula?" alimuuliza binti yake.

"Tumekula."

"Umeshiba?"

"Kengele ililia."

"Sijakuuliza kengele. Nimekuuliza tumbo."

Mtoto aliendelea kutafuna ukoko. Meno yake mawili ya mbele yalikuwa yameng'oka, kwa hiyo alitafuna kwa upande, polepole, kama mbuzi mzee. Cheche alimkodolea macho, lakini mawazo yake yalikuwa mbali. Mtu aliyekwisha kuamua kwamba kuna mwizi hasikii kengele.

Na mwizi hakukawia kupatikana. Jirani yao wa ukuta kwa ukuta alikuwa mpishi wa shule. Alikuwa mjane mnene, mcheshi, ambaye watoto walimwita Mama Upawa kwa sababu ya upawa wake mrefu ambao hakumwachia mtu mwingine aushike. Alikuwa amepika pale miaka kumi na mmoja. Ua wake ulitenganishwa na ua wa Cheche kwa uzio wa mabati, na katika uzio huo Cheche mwenyewe alikuwa ametengeneza kimlango, ili watu wa nyumba hizo mbili wapite bila kuzunguka barabarani. Binti yake alimwita bibi. Cheche alimwita mama.

Alasiri moja, akiwa karakanani, Cheche aliinua kioo chake cha kujikinga macho na kumwona Mama Upawa akipita na ndoo kubwa yenye mfuniko. Mkono uliobeba ndoo ulikuwa umenyooka kama waya, maana yake ndoo ilikuwa nzito. Kesho yake alipita tena. Keshokutwa pia. Na kila mara aliifuata njia ya nyuma ya ghala la mbao, ambayo haikuwa njia ya kwao.

Siku ya nne Cheche alizima mashine yake, akamfuata kwa mbali. Alimwona akisimama kwenye nyumba ya mzee mmoja mfuga bata. Mzee alifungua mlango, akaipokea ndoo, akairudisha tupu. Kisha akampa Mama Upawa kitu kilichofungwa kwenye gazeti. Mama Upawa akakifungua kuhakikisha, akakifunga tena. Yalikuwa mayai.

"Biashara," Cheche alijiambia. "Mchana kweupe."

Alimsimulia mkewe walipokuwa wakianua nguo. Mkewe aliacha shati mkononi, akamtazama.

"Mama huyo ndiye aliyempokea mtoto wako duniani. Kwa mikono yake."

"Mikono hiyohiyo ndiyo inayobeba ndoo."

"Umemuuliza?"

"Mwizi huulizwa? Ukimuuliza unampa nafasi ya kutunga."

"Basi mwenzangu, na mimi niulizwe. Kila siku natoka humu na kapu."

"Usilete mzaha, mama watoto. Ndoo inatoka shuleni imejaa, mtoto anatoka shuleni mtupu. Hesabu hiyo inahitaji mwalimu?"

Mkewe alikunja shati, akalikunja tena ingawa lilikuwa limekwisha kukunjika. "Hesabu yako sina wasiwasi nayo," alisema. "Wasiwasi wangu ni kwamba umeanza na jibu."

Tangu siku hiyo Cheche aligeuka jicho. Mama Upawa akicheka nje, Cheche alijiuliza anacheka nini. Akinunua kitambaa kipya, alijiuliza kimetoka wapi. Akipitisha bakuli la mboga kwenye kimlango kama alivyozoea, Cheche aliliangalia lile bakuli kana kwamba limo kwenye orodha ya vitu vilivyoibwa. Hata salamu zilianza kupungua. Alipomwamkia, aliamkia miguu yake.

Mkutano wa wazazi ulipoitishwa, Cheche alifika mapema kama kawaida yake. Hapo inafaa kueleza kawaida hiyo. Karatasi ya mahudhurio iliwekwa mezani mlangoni kabla ya mkutano kuanza. Mzazi ambaye jina lake lilikosa sahihi alipangiwa Jumamosi ya kufyeka majani ya uwanja wa shule. Kwa hiyo wazazi walikuwa na mtindo wao: kufika kabla ya watu kujaa, kutia sahihi, kuulizana hali, kisha kuyeyuka mmoja mmoja kwenda kwenye shughuli zao. Kwa mchezo huo Cheche hakuwa na mpinzani. Katika miaka miwili hakukosa mkutano hata mmoja, na hakuwahi kusikia hata neno moja lililosemwa humo.

Siku hiyo alitia sahihi, akavuta kiti cha mbele, akaketi.

"Cheche," kinyozi wa mtaa alimwita kutoka nyuma, "umepotea? Mlango wa kutokea ni ule kule."

Watu wakacheka. Cheche hakugeuka.

Ukumbi ulikuwa umejaa kuliko kawaida, kwa maana Cheche alikuwa amewanong'oneza watu kwamba kutakuwa na jambo. Mwalimu mkuu, mtu mfupi mwenye tai iliyobana, hakuwa amemaliza kukaribisha wageni Cheche aliposimama.

"Mimi si msemaji," alisema. "Nitasema nilichokiona. Tunaleta chakula hapa. Watoto wetu wanarudi na njaa. Na kila siku ndoo inatoka hapa imejaa, inakwenda kwa mfuga bata, inarudi mayai. Aliyebeba ndoo yupo jikoni. Aitwe."

Minong'ono ilienea kama moto kwenye nyasi kavu. Mama Upawa akaja, mikono ina unga, upawa bado ameushika. Alisimama karibu na dirisha.

"Ndoo ninabeba," alisema. "Sijawahi kuificha. Chakula kinachobaki nampelekea mzee wa bata. Nilikatazwa kukimwaga hapa uwanjani kwa sababu ya nzi."

"Kinabaki?" Cheche aliuliza. "Kinabakije, na mwanangu nguo zinamvuka?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Mama Upawa alisubiri kiishe.

"Watoto hawamalizi, baba. Hasa wadogo. Uliza saa, usiniulize mimi."

"Sasa saa ndiyo imeiba?" kinyozi alisema, na kicheko kikarudi kikubwa zaidi.

Mama Upawa alimtazama mwalimu mkuu. Wote walioketi mbele waliliona hilo, Cheche naye aliliona. Mwalimu mkuu alikuwa akipanga karatasi ambazo tayari zilikuwa zimepangwa. Alizigonga kingo mezani, akazigonga tena, wala hakuinua uso.

"Wahenga hawakukosea," Cheche alisema, na sasa sauti yake ilikuwa imepanda. "Kikulacho ki nguoni mwako. Tunalinda geti, tunafunga ghala, tunamwogopa mwizi wa nje, kumbe anayetumaliza tumemkabidhi upawa wenyewe. Tunakula naye, tunamwita mama."

Hakuna aliyecheka. Mama Upawa alisogea mezani, akauweka upawa juu ya ile karatasi ya mahudhurio. Akafungua kamba ya aproni, akaikunja mara nne, akaiweka pembeni.

"Mtoto wako hukaa mwisho wa mstari," alimwambia Cheche, kwa sauti ya kawaida kabisa. "Siku moja njoo umwone."

Akatoka. Mkutano ukapitisha kwamba aachishwe kazi. Mwalimu mkuu akaandika haraka, na Cheche alidhani ameona uso wake ukilegea, kama uso wa mtu aliyetuliwa mzigo. Jambo hilo lilimkaa moyoni, ila hakujua alipeleke wapi.

Alipofika nyumbani alikuta kimlango cha uzio kimefungwa kwa komeo kutoka upande wa pili. Komeo hilo alilichomelea yeye mwenyewe.

Mpishi mpya aliajiriwa, mtu mwembamba asiyezungumza na mtu. Hakubeba ndoo. Alichimba shimo nyuma ya jiko, akawa anafukia. Cheche alingoja mtoto wake anenepe.

Wiki ya kwanza ikapita, mtoto bado anafunua masufuria. Wiki ya pili pini ikasogea. Wiki ya tatu, asubuhi ya Jumatano, mwalimu wa darasa alikuja karakanani anahema: mtoto ameanguka mstarini. Cheche aliacha chuma kinawaka.

Zahanatini, muuguzi alimpandisha mtoto kwenye mzani, akaisoma kadi yake, akausoma tena mzani.

"Mwezi wa kwanza, kilo ishirini na mbili. Leo, kumi na tisa na nusu. Anaumwa?"

"Haumwi."

"Chakula kipo nyumbani?"

Cheche hakuwahi kuulizwa swali hilo maishani mwake. Aliona muuguzi akimkagua viatu, mikono, shati, kama yeye alivyokuwa akilikagua bakuli la jirani. "Kipo," alijibu. Muuguzi akaandika kitu ambacho hakumwonyesha.

Njiani kurudi, mtoto akiwa mgongoni, alisema, "Baba, sasa hivi hakuna wa kunipa yai."

"Yai gani?"

"Bibi alikuwa anatuchemshia. Sisi wa mwisho. Anatutia mfukoni tule tukienda darasani. Mimi langu nilikuwa nalimaliza kabla mwalimu hajaingia."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza yai. Uliniuliza tumbo."

Cheche alimpandisha vizuri mgongoni, akaongeza mwendo. Kama mwizi si yule, basi ni mwingine, na akili yake ilikwisha kumfikia: tai iliyobana, karatasi zinazogongwa mezani. Yule ndiye aliyekaa kimya mwenzake akichinjwa. Bila shaka mchele ulikuwa ukiuzwa ghalani, na mpishi alikuwa amejua mno.

Kesho yake alikwenda shuleni na kopo la grisi, akamwambia mlinzi kwamba bawaba za geti zinalia. Aliinama pale, akapaka grisi bawaba zisizolia, macho yake yakiwa uwanjani na simu yake ikiwa gotini ili aone saa.

Kengele ililia saa sita na nusu. Madarasa yote tisa yalimiminika kwa pamoja. Mabomba ya kunawia yalikuwa mawili. Wakubwa walifika kwanza kwa sababu wana miguu mirefu, na baada ya kunawa wakawa wa kwanza kwenye chakula pia. Mstari ulikwenda kama konokono. Cheche alihesabu sahani. Zilijaa. Hazikuwa sahani za shule inayouza mchele. Masufuria yalikuwa mazito, mpishi mwembamba alichota kwa haki, na Cheche akajikuta anaudhika kwa kukosa cha kushika.

Binti yake alikuwa wa tatu kutoka mwisho. Alipata sahani saa saba kasoro dakika kumi na nne. Akakaa chini ukutani, akaanza kutafuna kwa upande, punje kwa punje, harage moja baada ya jingine, bila mchezo, bila kuongea na mtu. Hakupoteza hata sekunde. Cheche, aliyezoea kupima chuma kwa jicho, aliona wazi kwamba sahani ile haiwezi kwisha.

Saa saba kasoro dakika kumi kengele ililia. Mtoto aliinuka, akaimwaga sahani yake ndani ya ndoo kubwa, juu ya vyakula vya wenzake. Ndoo ilijaa. Ilikuwa ndoo ileile.

Cheche aliacha kopo la grisi wazi. Aliingia ofisini kwa mwalimu mkuu bila kubisha.

"Dakika ishirini," alisema. "Kulikuwa na saa nzima hapa. Nani amefupisha?"

"Wazazi," mwalimu mkuu alijibu.

"Wazazi gani? Wewe ndiye mkuu hapa."

Mwalimu mkuu hakubishana. Alifungua kabati, akatoa faili, akalifungua mahali ambapo ilionekana limekwisha kufunguliwa mara nyingi. "Mkutano wa mwaka jana, wa kufunga mwaka. Nilipendekeza tupunguze muda wa chakula tuongeze vipindi mchana, ili matokeo yapande. Soma mwenyewe."

Cheche alisoma polepole, kidole kikifuata mstari, kwa maana shule aliiacha mapema. Wazazi waliohudhuria, iliandikwa, waliridhia kwa kauli moja. Orodha imeambatanishwa. Akageuza ukurasa. Majina mia moja na manne, na sahihi mia moja na nne. Ya kwanza kabisa, juu, ilikuwa yake. Pembeni palikuwa na alama nyeusi ya dole gumba lenye masizi.

"Mlibaki wangapi siku hiyo?" aliuliza.

"Kumi na mmoja."

"Na ukaandika mia na nne."

"Niliandika waliotia sahihi, Bwana Cheche. Mlitaka niandike nini, kwamba mlikuja kutia sahihi mkakimbia? Mngefyeka uwanja mwaka mzima."

Cheche alitaka kumshika tai. Badala yake macho yake yalirudi kwenye muhtasari, kwenye mistari miwili iliyoandikwa kwa mwandiko mdogo chini. Mpishi alipinga. Alisema shule ina mabomba mawili tu na wadogo hawatawahi kumaliza chakula. Alijibiwa kwamba yeye si mzazi, na mjadala ukafungwa.

Aliisoma mistari hiyo mara mbili.

"Siku ile nilipomsimamisha mbele ya watu," alisema, "ulikuwa unalijua hili. Mbona hukusema?"

Mwalimu mkuu alifunga faili. "Ulikuwa umekwisha kumkamata mwizi. Ukumbi mzima ulikuwa upande wako. Ningesimama nikasema mwizi ni saa, na saa niliifupisha mimi?" Alilirudisha faili kabatini. "Niliogopa. Sasa andika hilo pia."

Mama Upawa alikuwa uani anafunga virago Cheche alipozunguka kwa barabarani, maana kimlango kilikuwa bado na komeo. Alikuwa amepata kazi ya kupika kwenye bweni la mji mwingine. Masanduku mawili, godoro limeviringishwa, kuku mmoja amefungwa miguu.

"Shikamoo, mama."

Alichelewa kuitika. "Marahaba."

"Nimekwenda kumwona."

"Mstarini?"

"Mstarini. Na nimesoma muhtasari."

"Basi umesoma mengi kuliko wenzako." Alikaza kamba ya godoro kwa goti. "Hajambo mjukuu wangu?"

"Alianguka."

Mkono wa Mama Upawa ukasimama juu ya kamba. Kisha ukaendelea.

"Rudi, mama," Cheche alisema. "Nitasimama palepale, mbele ya walewale, niseme nilikosea."

"Sema. Utafanya vizuri. Lakini mimi sirudi. Miaka kumi na mmoja nimewapikia watoto wa watu, na walipoambiwa mimi ni mwizi, hakuna mtu mzima aliyeuliza swali la pili. Hata wewe, niliyekupitishia mboga pale." Akaonyesha kimlango kwa kidevu. "Nishikie upande wa pili wa hili godoro."

Cheche akalishika. Walilipakia pamoja kwenye mkokoteni, na alimsindikiza hadi kituoni akibeba kuku.

Mkutano uliofuata aliuomba yeye. Alisimama, akasema alichosema kwanza na kwamba kilikuwa uongo, akasoma mistari miwili ya mwandiko mdogo kwa sauti, kwa kukwamakwama. Kinyozi hakutania. Wazazi wakarudisha saa nzima ya chakula, wakaamua wadogo wapakuliwe kwanza, na karatasi ya mahudhurio itiwe sahihi mkutano ukiisha, si kabla. Siku hiyo walikaa hadi mwisho watu mia moja na wawili.

Hesabu ya yote ni hii. Muhula mmoja na nusu wa watoto kula mbio. Kilo mbili na nusu za mtoto mmoja, ambazo hadi mwisho wa mwaka alikuwa amerudisha moja. Miaka kumi na mmoja ya kazi ya mwanamke aliyekuwa peke yake kusema kweli. Bibi mmoja. Kimlango kimoja, ambacho wapangaji wapya wa ile nyumba hawajakifungua na Cheche hajawaomba. Alimtafuta mwizi jikoni, akamtafuta ofisini, akamtafuta kwa mfuga bata, na alipompata, alimkuta juu kabisa ya orodha, ana masizi kwenye dole gumba. Kweli, kikulacho ki nguoni mwako.